Jiografia ianzie katika shamba la mzazi

Katika msimu mmoja wa kupulizia salfa, mwandishi wa safu hii alikaa chini ya mkorosho katika kijiji kimoja cha Ruangwa, akizungumza na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akimsaidia baba yake. Kijana alieleza vizuri, tena kwa Kiingereza, jinsi ngano inavyolimwa katika nyanda za Kanada. Alipoulizwa kijijini kwao mvua huanza lini na hunyesha milimita ngapi, alicheka na kumgeukia baba yake. Mzee alijibu kuhusu mwezi. Swali la milimita halikupata wa kulijibu.

Hatumlaumu kijana wala mwalimu wake. Mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na mtihani hauulizi habari za kijiji. Lakini mzazi anayeuza ufuta ili anunue sare na madaftari ana haki ya kuuliza somo hili litamrudishia nini.

Nachingwea yenyewe ni somo la jiografia ambalo lingepaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa huko. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilileta wataalamu, wakiongozwa na John Wakefield, kutafuta maeneo ya kulima karanga kwa matrekta. Walizunguka wiki 9 tu, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka angani. Mradi ulianza 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa, mvua ilikuwa haba na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashindwa kung'oleka. Kwa upande wa kusini ilibidi kujengwa bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa na Uingereza ikafuta zaidi ya paundi milioni 36. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Bandari imebaki, na korosho zetu hupitia hapo.

Udongo, mvua, usafiri na soko, yote yamo katika kisa hicho kimoja. Mwanafunzi hahitaji kupanda basi kwenda mbali kukisoma.

Soko nalo ni jiografia. Agosti 2017 India iliwekea kikomo uingizaji wa mbaazi, baada ya wakulima wake kuvuna nyingi. Bei huku kwetu ikaporomoka, na wapo waliobaki na magunia ndani. Wengi walimlaumu mchuuzi aliyekuja na mizani, ingawa naye alikuwa amekwama. Mtoto anayefundishwa majira ya mvua za India, na kwa nini mavuno ya huko yanagusa bei ya Nachingwea, angeweza kumwambia baba yake asiweke shamba lote katika zao lenye mnunuzi mmoja mkubwa.

Kisha kuna suala la vipimo, ambalo linatuudhi zaidi kwa sababu hasara yake ni ya kila mwaka. Wengi wetu huhesabu ekari kuwa ni hatua 70 kwa 70. Ni sawa iwapo hatua ina sentimita 90 hivi. Mwenye trekta akipima kwa hatua za sentimita 80, anakulimia mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136, wakati ekari ina takriban 4,047. Umelipia ekari nzima na umekosa zaidi ya sehemu moja ya tano. Upimaji wa ardhi kwa mnyororo umo katika somo la jiografia. Kwa nini usifanyike katika shamba la mzazi, badala ya ubaoni?

Tunapendekeza wazazi walipeleke jambo hili katika vikao vya shule. Kila sekondari ya Nachingwea na Ruangwa iwe na kipimo cha mvua, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na takwimu zibandikwe pia katika ofisi ya AMCOS. Milimita moja ikinyesha juu ya ekari ni sawa na lita 4,000 za maji, na mkulima akijua hilo ataacha kupanda ufuta kwa kusikia tu kwamba jirani kapanda. Kazi hii haihitaji bajeti ya wizara.

Ugumu uko kwingine. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na Desemba shule hufungwa. Wanafunzi wanaoishi karibu wapangiwe zamu za likizo, au mlinzi wa shule afundishwe kusoma kipimo na apewe daftari. Kipimo chenyewe kiwekwe mbali na miti na mapaa, na kizungushiwe uzio wa kuzuia mbuzi.