Uyoga na kinga ya mtoto: mambo ya kujua kabla ya kupika

MVUA zinapoanza na watoto wakaanza kukohoa na kutokwa makamasi, wazazi wengi hutafuta chakula cha kuwaongezea kinga. Siku hizi uyoga unatajwa sana. Upo mbichi sokoni, upo mkavu kwenye mifuko, na upo uliosagwa kuwa unga, ambao wauzaji wengine hudai unazuia kila ugonjwa.

Kinga ya mwili hutegemea zaidi seli nyeupe za damu, ambazo hutambua vijidudu na kupambana navyo. Ili seli hizo zitengenezwe na kufanya kazi vizuri, mtoto anahitaji protini, vitamini na madini kila siku. Hapo ndipo uyoga unaposaidia. Una vitamini za kundi B, madini ya shaba na seleniamu, na nyuzinyuzi.

Hata hivyo, karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, na gramu 100 hutoa takribani gramu 3 tu za protini. Kwa hiyo usiufanye mbadala wa maharage, mayai, dagaa au maziwa. Uwe nyongeza kwenye sahani, pamoja na mboga za majani na matunda.

Faida nyingine hupatikana kwa jua. Kama ilivyo ngozi ya binadamu, uyoga hutengeneza vitamini D unapopigwa na jua. Ukate vipande, uanike jua la mchana kwa nusu saa hadi saa moja, kisha upike. Vitamini D husaidia mifupa na kinga pia.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 52 wenye afya waliokula uyoga wa shiitake kila siku kwa wiki nne. Vipimo vya damu na mate vilionyesha mabadiliko mazuri katika kinga. Lakini huo ni utafiti mdogo, na haukuhusu watoto. Hautoshi kumfanya mzazi aache chanjo, wala kumwachisha mtoto dawa alizoandikiwa na daktari kwa sababu ya kopo la unga wa uyoga.

Hatari kubwa zaidi iko porini. Baadhi ya uyoga wa mwituni hufanana sana na ule unaoliwa, na sumu yake huua. Kuna wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuuchemsha muda mrefu huondoa sumu. Imani hizo zimegharimu maisha. Sumu inayoharibu ini haiondoki kwa moto, wala kwa kukaushwa.

Sumu hiyo pia ina hila. Kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo huweza kuanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, wakati familia imeshasahau kilicholiwa. Kisha mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Ukishuku, mpeleke mtoto hospitali mara moja, ubebe mabaki ya uyoga huo, na useme ulioliwa saa ngapi. Usipoteze muda kumpa maziwa ukisubiri hali itulie. Watoto wafundishwe kutochuma wala kuonja uyoga wanaouona wakicheza au wakitoka shule.

Kwa familia nyingi, ulio salama ni uyoga uliolimwa, kama ule mweupe wa mamama unaooteshwa kwenye mabua au maranda. Chagua mkavu kwa kugusa, usio na utelezi wala harufu mbaya. Uhifadhi kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya nailoni hutoka jasho na kuoza haraka.

Uoshe upesi, kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, uache uive vizuri, kisha ongeza tui la nazi au karanga zilizosagwa. Unaliwa kwa ugali au wali. Mtoto mdogo akatiwe vipande vidogo sana, na mara ya kwanza aonje kidogo tu, ili uone kama utamdhuru.