Sitaleta Lenzi Rukuba

Kabla hamjaniita mchoyo, nisikilizeni. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameniandikia kutoka Rukuba: "Dada, ukija Desemba niletee lenzi za kijivu. Boksi mbili tu." Anaolewa. Nimemjibu hapana, na tangu siku hiyo ukoo mzima, kuanzia Musoma mjini hadi Dar es Salaam, umenifanyia kikao kwenye kundi la WhatsApp. Nimebadilika. Nimekuwa Mzungu. Eti naona watu wa kisiwani hawastahili vitu vizuri. Mjomba mmoja tu ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mbona wewe unavaa?"

Ndiyo, Mjomba, navaa. Tuanzie hapo.

Nilianza kuvaa nilipofika Glasgow kusoma shahada ya uzamili, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya majivuno. Mvua ya kule huja kwa ubavu na kujaa kwenye vioo vya miwani. Na tangu shule ya msingi nilikuwa nimechoka kuitwa macho manne. Nikaingia dukani na karatasi yangu ya miwani kutoka nyumbani, nikidhani nitalipa na kuondoka. Wakanirudisha. Kipimo cha miwani si kipimo cha lenzi, kwa sababu lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe na kila jicho lina mviringo wake. Kupimwa macho Scotland ni bure tangu 2006, ila kujaribishwa lenzi nililipa mwenyewe. Nilikaa mbele ya kioo karibu saa nzima nikijichokoa, machozi yakinitoka, na boksi sikupewa mpaka nilipoweza kuzivaa na kuzivua bila msaada. Sheria ya Uingereza ya 1989 ndiyo inayodai cheti cha vipimo, na hata lenzi ya rangi isiyo na nguvu yoyote, ya urembo mtupu, haiuzwi bila mtaalamu aliyesajiliwa kusimamia. Niliwaambia wenzangu kwamba hawa wanalinda mifuko yao. Kwa kiasi fulani bado naamini hivyo.

Kisha ikaja Februari. Dawa ya kusafishia lenzi iliniishia usiku, duka limefungwa, nikazisuuza kwa maji ya bomba la hosteli. Nikasinzia nikiwa nimezivaa, kitabu kifuani. Asubuhi jicho la kulia lilikuwa jekundu kama pilipili, na mwanga wa dirishani ulinichoma kama msumari. Nilifika kliniki ya macho kwa basi, dakika ishirini tu. Nikapewa dawa ya matone, tone moja kila saa, mchana na usiku, siku mbili mfululizo. Nilipona. Daktari aliniambia nimebahatika, kisha akanieleza kuhusu akanthamiba.

Ni kijidudu kinachoishi kwenye maji baridi ya kawaida: bomba, bwawa, mto, ziwa. Tunakioga na kukinawa kila siku bila madhara. Lakini lenzi ndiyo inayokipa makazi mbele ya mboni, na kikishajichimbia kwenye konea matibabu huchukua miezi, na wengine hupoteza uwezo wa kuona. Lenzi laini ilitengenezwa Prague, Krismasi ya 1961, na mkemia Otto Wichterle, nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto. Hadithi tamu, naipenda. Uzuri wa plastiki yake ni kwamba inanyonya maji, ndiyo maana jicho huivumilia. Na huo huo ndio ubaya wake, maana haichagui maji ya kunyonya.

Sasa niambieni maji ya Rukuba ni yapi. Ni ziwa. Tunanawa humo, tunafulia humo, ndoo ya nyumbani imetoka humo. Dawa ya kusafishia lenzi ikiisha usiku, mdogo wangu ataingiza mkono kwenye ndoo ile ile. Jicho likimuuma usiku huo atasubiri mtumbwi wa kuvuka kwenda Musoma, na likiwa limeharibika kweli, safari ni ya Bugando, Mwanza. Mimi nilikuwa na basi la dakika ishirini, Mjomba. Hilo ndilo jibu langu, na najua halipendezi.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, haiko kwa mdogo wangu. Iko kwa wanaouza lenzi pamoja na kope za bandia na wanja, bei ya maharusi, bila kuuliza hata kama mteja amenawa mikono. Iko pia kwetu sisi wasomi wa ughaibuni tunaozibeba kwenye mabegi kama chokoleti, tukapokewa kwa vigelegele, tukapanda ndege kurudi kabla jicho la mtu halijavimba. (Na macho yetu ya kahawia yamemkosea nani, hata siku ya harusi lazima yafichwe? Hilo nitalisema siku nyingine.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mdogo wangu haoni mbali. Shuleni alikaa dawati la mbele na bado alinakili ubao kwenye daftari la jirani, akaitwa mvivu, akaacha kidato cha pili. Hakuna aliyempima. Anaamini lenzi za kijivu zitampa yote mawili, urembo na kuona. Hizo anazozitaka hazina nguvu yoyote; angebaki haoni vilevile, kwa macho ya kijivu. Baba yake naye hawezi tena kuliona tundu lililochanika kwenye wavu wa dagaa, humpa mjukuu amtafutie, wakati miwani rahisi ya kusomea ingemrudishia kazi yake. Kuhusu hayo kundi la WhatsApp halijawahi kukaa kikao.

Miwani ya mzee nimeshanunua, iko kwenye begi. Mdogo wangu nimemtumia nauli ya mtumbwi na pesa ya kupimwa Musoma, nikamwambia achague fremu anayoitaka, hata ya dhahabu, nitalipa. Ujumbe una tiki mbili za bluu tangu Jumanne. Sijui kama amevuka.