Masaa Mawili ya Nani?

"Kinshasa si mbali, ni masaa mawili tu." Maneno haya nimeyasikia sana hapa Gihundwe, mara kwa mgeni mwenye kompyuta, mara kwa ndugu zetu wenyewe. Leo nayapinga mbele ya watu.

Kwa ramani ni kweli. Bukavu mpaka Kinshasa ni kama kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na ndege kubwa inazimaliza kwa masaa mawili hivi. Lakini ndege hiyo ilirukia Kavumu, na Kavumu ilichukuliwa na M23 tarehe 14 Februari 2025. Safari zikakatika. Kiwanja cha Kamembe tunacho hapa jirani, kilomita kama 20 tu angani kutoka Kavumu, ila ndege yake inakwenda Kigali, mashariki, na Kinshasa iko magharibi!

Haya, tuhesabu. Kamembe mpaka Kigali kama 150. Kigali mpaka Nairobi kama 760, bado unazidi kwenda mashariki. Halafu Nairobi mpaka Kinshasa kama 2,400, na ukichora mstari kwa rula unapita karibu juu ya Bukavu yenyewe, kule ulikotoka. Jumla inapita 3,300. Na asiye na pesa ya ndege ya Kamembe apande basi, avuke Nyungwe, zaidi ya masaa matano kabla hata ya kuuona uwanja wa Kigali.

Februari hiyohiyo Kongo ilifunga anga yake kwa ndege za Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzungusha safari za London na Paris. Abiria waliambiwa wazi: safari itakuwa ndefu. Hakuna aliyewaonyesha ramani na kuwaambia eti ni karibu. Mbona sisi, njia ikizunguka, tunaambiwa "subiri" tu?

Maana kwa mkimbizi kuna kilomita zingine, za karatasi. Mkataba wa 1951, kifungu cha 28, unazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati nzuri, lakini kwa kawaida haikupeleki kwenye nchi uliyoikimbia. Na ukirudi kwa njia nyingine, unaweza kuulizwa kama bado wewe ni mkimbizi. Hiyo ndege inaruka masaa mangapi?

Mama yangu mdogo aliugua Kinshasa. Niliuliza kwenye ofisi moja kama kuna njia yoyote ya kumfikia. Nikapewa yale masaa mawili, kisha nikaambiwa nitaitwa. Kila Jumapili mama mdogo alipiga simu kuuliza nitafika lini. Mazishi yake niliyaona kwenye simu, picha inakwama, inarudi, inakwama tena. Kuitwa, mpaka leo sijaitwa.

Mtanijibu kwamba mfanyakazi wa shirika hana nguvu juu ya vita wala juu ya anga. Ni kweli, na simdai hayo. Ila kalamu ni yake. Nyinyi mnaotupokea mezani, acheni kutupimia safari kwa rula. Tuandikieni kwenye karatasi jibu litatoka tarehe gani, na nani atalitoa. Mkiandika wiki sita, tutahesabu wiki sita. Mkiandika haiwezekani, tutampigia mgonjwa jioni hiyohiyo, tumwambie, tuongee naye yaliyobaki.