Uliohama ni Mpaka

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Plateau, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mzee mmoja, mwenyeji wa huko tangu jadi, aliponiona na kanzu na kofia yangu, na kuyasikia maneno yangu, alinikaribisha chai kwa ukarimu, kisha akaniuliza: “Na huko kwenu Tanzania mvua imenyesha?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, mimi ni mtu wa Mombasa.” Akacheka. “Kiswahili hicho si cha Kenya, bwana.”

Sikukasirika. Nilimweleza tu kwamba ardhi aliyoikalia ilikuwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipolikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia upande huu. Hata 1903, Chamberlain alipotaka kuwapa Mayahudi nyanda hizo za Uasin Gishu, mpango wenyewe uliitwa wa Uganda, na vitabuni ungali na jina hilo. Mzee akashika tama.

Na sisi je? Ukanda wetu wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa kulipa kodi tangu 1895, hata mkataba wa Oktoba 1963 ukautia Kenya. Bara na pwani, sote tumehamishwa kwa kalamu. Lakini wajukuu wa mzee yule hawaulizwi Uganda ya babu yao. Mwanangu alipokwenda kutaka kitambulisho katika ofisi moja, karani alilitazama jina lake akataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu aliyezaliwa na mkunga, nyumbani, Mji wa Kale!

Nasi tuna nafuu. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi waliojenga na kuzikana hapa vizazi kwa vizazi, walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023. Wamakonde walitangulia, 2016. Kabla ya hapo, mtu alizaliwa, akaoa, akafa, hana karatasi hata moja ya serikali.

Siogopi kusema kwamba nina shangazi Wete. Uraia wa nchi mbili siutaki, na Tanzania haimpi mtu mzima. Nitakalo ni kwenda kumzika shangazi yangu siku yake ikifika, kisha nirudi Mombasa pasina mtu kuniuliza nimetoka kwetu lini.

Mzee alinisindikiza hadi kituo cha matatu. “Sasa mimi ni Mganda?” akauliza.

Nikamwambia akamwulize karani.