Aiskrimu Itokayo Tanurini

Mapishi mengi humsamehe mpishi. Mchuzi uliozidi maji huachwa ukachemka hadi ukapungua, na wali uliokosa chumvi hufidiwa na kitoweo. Lakini kipo kitindamlo kimoja, yaani chakula kitamu cha kumalizia mlo, kisichosamehe ufa hata ukiwa mwembamba kama unywele. Ni keki iliyobebeshwa aiskrimu, ikavikwa povu la ute wa mayai na sukari, kisha ikatiwa katika tanuri kali. Hutoka humo juu ikiwa moto na ya rangi ya hudhurungi, na ndani ikiwa ingali baridi na imeganda. Waingereza na Wamarekani hukiita Alaska ya kuokwa. Wafaransa hukiita kimanda cha Kinorwe.

Hiki si chakula cha kila siku. Hudai mayai manne, karibu robo kilo ya sukari, keki na lita nzima ya aiskrimu. Aghalabu mwenye nyumba hukikumbuka siku ya posa, ya sikukuu, au siku mtoto anapofaulu mtihani. Kikiharibika mbele ya wageni, hasara yake si ndogo: fedha za soko za siku kadhaa hugeuka kuwa maziwa yaliyotapakaa sinia zima. Kwa hiyo yafaa mpishi afahamu sababu ya mambo kabla hajashika kipigio cha mayai.

Siri yote imo katika hewa. Ute wa mayai unapopigwa hunasa viputo vingi vidogo vya hewa, na hewa iliyonaswa isiweze kutembea hupitisha joto polepole mno. Ndiyo sababu blanketi huhifadhi joto la mwili, manyoya humkinga ndege na baridi, na nyumba ya nyasi huwa na ubaridi wakati wa jua kali. Keki nayo, kwa kuwa imejaa vitundu vya hewa, huikinga aiskrimu na joto litokalo chini. Mambo haya yalichunguzwa kwa bidii na Benjamin Thompson, mtaalamu aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1753 na kujulikana baadaye kwa cheo cha Count Rumford. Alipokuwa akiitumikia serikali ya Bavaria, alipima jinsi manyoya na nguo zinavyozuia joto, akabaini kuwa kazi hiyo hufanywa na hewa iliyofungiwa ndani yake.

Jina la Alaska lina historia yake. Mwaka 1867 Marekani iliinunua nchi hiyo ya barafu kutoka kwa Urusi kwa dola milioni 7.2. Charles Ranhofer, mpishi Mfaransa wa mkahawa wa Delmonico's mjini New York, alichapisha mwaka 1894 kitabu kikubwa cha mapishi, na humo akakiita chakula cha namna hii "Alaska, Florida", akiunganisha jimbo la baridi na jimbo la joto katika sahani moja.

Matayarisho huanza siku moja kabla. Mpishi atwae bakuli la mviringo, alitandike karatasi ya nailoni, ajaze aiskrimu iliyolainika kidogo tu, aishindilie isibaki na mapengo, kisha airudishe katika friza ilale humo usiku kucha. Keki iwe ya sponji, unene wake usipungue sentimita 2.5, na upana wake uzidi mdomo wa bakuli kwa sentimita moja kila upande. Asubuhi aiskrimu ipinduliwe juu ya keki, karatasi iondolewe, na vyote virudishwe katika friza hadi vigande barabara. Umeme ukikatika usiku na aiskrimu ikayeyuka, mpishi asiigandishe upya kuwalisha wageni. Vijidudu vya maradhi huzaliana katika maziwa yaliyopoteza ubaridi. Heri wageni wale matunda.

Kwa povu huhitajika ute wa mayai manne, sukari gramu 225 na nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Kila yai livunjwe kwanza katika kikombe cha peke yake, kwani tone moja la kiini au la mafuta hutosha kuuzuia ute usiumuke. Bakuli liwe la kioo au la chuma, kavu na safi. La plastiki huficha mafuta.

Kwa kuwa povu hili hukaa tanurini dakika chache tu, ute wake hauivi vizuri kwa ndani. Mpishi mwangalifu huupasha moto kwanza. Huchanganya ute na sukari katika bakuli, akaliweka juu ya sufuria yenye maji yanayotokota bila ya bakuli kuyagusa maji, akakoroga bila kukoma hadi kipimajoto kionyeshe digrii 71 za Selsiasi. Kisha huliondoa motoni, akatia ndimu na kupiga kwa nguvu hadi povu ling'ae na kusimama wima kama kilele cha mlima. Asiye na kipimajoto asiwape chakula hiki watoto wadogo, wajawazito, wazee wala wagonjwa.

Tanuri iwashwe mapema ifikie digrii 230. Aiskrimu itolewe katika friza dakika ile ile povu lilipo tayari, wala si kabla. Povu lipakwe haraka kwa mwiko, unene wa sentimita mbili au zaidi pande zote, nalo lishuke hadi ligusane na sinia na kuifunika keki kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Huipamba juu kwa madaha wakasahau chini, kumbe joto hupenya kwa mlango huo huo, na aiskrimu ikavuja kabla ya povu kubadili rangi. Kabla ya kutia tanurini, sinia lizungushwe na kukaguliwa kila upande.

Dakika tatu hadi tano zatosha. Mpishi asiondoke mlangoni pa tanuri, wala asiitwe kusalimia mtu; ncha za povu zikishakuwa hudhurungi, kazi imekwisha. Kisu kichovywe katika maji ya moto kila kinapokata, na wageni wawe wamekwisha kuketi, kwani chakula hiki hakimngojei mtu.

Viini vinne vilivyobaki visitupwe. Vikipikwa siku hiyo hiyo pamoja na maziwa na sukari kidogo, hutoa kastadi nzuri ya watoto kwa kesho yake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chakula hiki hata nafasi ya kujenga ukuta haipo. Ufa usiozibwa kabla ya mlango wa tanuri kufungwa hauzibiki tena. Lakini kwa mpishi aliyezungusha sinia lake kwa utulivu na kuukagua kila upande, wageni watakata povu la moto na kukuta baridi ndani, nao hawataisahau meza hiyo upesi.