Kati ya sikio na tumbo

MSOMAJI mpenzi, hebu fikiria. Una mgonjwa nyumbani, na ndiyo kwanza amepata lepe la usingizi. Mara chini ya dirisha anasimama mtu mwenye kinanda cha kuzungushwa kwa mkono, na wimbo ule ule wa jana unaanza tena. Utamfukuza? Na akikwambia kuwa watoto wake hula kwa kinanda hicho?

Swali hili liliwasumbua watawala wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na kila mmoja alilijibu kivyake.

Kule Austria, katika karne ya 18, Malkia Maria Theresa aliwapa vibali vya kupiga vinanda mitaani wanajeshi waliolemaa vitani. Kibali kikawa ndiyo riziki yao. Aliyepoteza mguu hakuhitaji kusomea muziki. Nyimbo zilikuwa tayari ndani ya kinanda, zimepangwa kwa misumari midogo juu ya pipa la mbao. Kazi yake ilikuwa kuzungusha mpini tu.

Jijini London, wenye nyumba ndio waliosikizwa. Mwanahisabati Charles Babbage, anayekumbukwa kwa kubuni mashine za hesabu zilizotangulia kompyuta, alilalamika kuwa kelele za mitaani zilimharibia robo ya nguvu zake za kazi. Wapiga vinanda wengi walikuwa Waitalia maskini. Mwaka wa 1864 Bunge lilipitisha sheria ya mbunge Michael Bass. Mwenye nyumba angeweza kumwambia mpigaji aondoke kwa sababu ya ugonjwa au sababu nyingine ya maana. Akikaidi, ilikuwa faini ya hadi shilingi 40 au siku tatu jela. Babbage alipata sheria, lakini hakupata mapenzi ya jirani. Watoto walimfuata njiani wakimzomea.

Mambo yalikuwa makali zaidi New York. Meya Fiorello La Guardia, mwenyewe mwana wa Mwitalia, alikataa kuvihuisha vibali vya wapiga vinanda kuanzia Januari 1, 1936. Alisema wanatatiza magari, na kwamba watu sasa wana redio. Lakini katika kumbukumbu za maisha yake alitaja jambo jingine. Alipokuwa mtoto huko Arizona, Mwitalia mmoja alipita na kinanda na tumbili. Watoto wenzake wakamcheka Fiorello, wakimwuliza tumbili wake yuko wapi. Aibu ile hakuisahau hata alipokuwa mtu mzima.

Marufuku hayo yaliondolewa mwaka wa 1975. Waliokuwa wakila kwa kinanda mwaka wa 1936 wangefaidika nini tena?

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu meya alimjua mwenye kinanda vizuri, tena ni wa damu yake, na bado alimnyima kibali. Tazama tofauti, msomaji. Sheria ya London, pamoja na ukali wake, ilimwambia mtu asogee. Ya New York ilimwambia aache kazi.

Kwa hivyo mgonjwa wako akishtuka usingizini, shuka umwombe mwenye kinanda ahamie mtaa wa pili. Hiyo ni haki yako. Lakini kabla ya kudai apokonywe kibali, jiulize kwanza: ni kelele zake zinazokuudhi, au ni umaskini wake?