Kiti cha seneti hakikurudisha maji ya Inyo

Wapo wanaoamini kwamba mkulima akipewa kiti chake bungeni, mambo yake yatanyooka. Wazitazame kwanza kaunti tatu za milimani katika jimbo la California, Marekani: Alpine, Inyo na Mono.

Mwaka 1926 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali viti 40 vya seneti vigawanywe kwa kaunti, si kwa idadi ya watu. Kwa sensa ya 1960, kaunti hizo tatu, zenye watu 14,294 tu kwa jumla, zilikuwa na seneta mmoja. Los Angeles, yenye zaidi ya milioni 6, nayo ilikuwa na mmoja! Hiyo haikuwa haki, na Mahakama Kuu ya Marekani ilifanya vyema mwaka 1964 ilipoamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vifuate idadi ya watu.

Lakini wakulima wa Inyo walipata nini kura yao ilipokuwa na uzito mara 400? Maji ya bonde la Owens yalikuwa yakienda Los Angeles kwa mfereji tangu 1913, na jiji lilikwisha kununua sehemu kubwa ya mashamba pamoja na haki za maji. Seneta angerudisha vipi kilichouzwa?

Leo tatizo ni jingine. Viti bado ni 40, kama katiba ya 1879 ilivyoweka, ilhali watu ni takriban milioni 39. Seneta mmoja ana karibu watu milioni moja. Hapo hata wa mjini hasikiki. Dawa ni kuongeza viti, si kuutamani ugawaji wa 1926.